Utingo, leso na nyonga iliyofunguliwa mara tatu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Kisa hiki nawaandikia wenzangu wa kazualti, yaani chumba cha dharura cha hospitali, wale wa vituo vidogo vya kando ya barabara, watu wa ambulensi, na madereva wa trela pia, manake mkisoma mpaka mwisho mtaona nani alifanya kazi safi kuliko sote siku ile. Mgonjwa ameridhia kisimuliwe. Vituo sivitaji, mwaka siutaji, saa na umri nimezisogeza kidogo. Mimi ni nesi, ndiye niliyekuwa kiongozi wa zamu kazualti usiku ule, na moja ya makosa nitakayoyaeleza ni la mkono wangu mwenyewe.

Mtu na mahali

Wanaoijua Mombasa wajua upande wa Changamwe mpaka Miritini na Jomvu maisha yazunguka trela. Kontena yatoka bandarini, yaingia yadi, yatoka yadi yapanda bara. Huyu alikuwa utingo, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, hana sukari hana presha, hajawahi kulazwa. Magharibi ile trela lilikuwa larudi nyuma yadini, yeye yuko nyuma yapiga bodi makofi kumuelekeza dereva, na nyuma yake kuna trela jengine limeegeshwa. Genereta yanguruma, dereva hakuyasikia makofi yakisimama. Kijana akabanwa katikati, mbele na nyuma, usawa wa kinena, sekunde tatu au nne hivi, kisha trela likasogezwa mbele akaanguka.

Hapo pa kubanwa mbele na nyuma msipapite haraka. Nyonga ni pete ya mifupa, na pete haivunjiki mahali pamoja tu, chukua bangili ya kioo ujaribu kuivunja sehemu moja uone kama utaweza. Ukibanwa kutoka mbele pete inafunguka kama kitabu, kule mbele mifupa ya kinena inaachana, na nyuma zile kano nene zinazoshika mifupa na uti wa mgongo zachanika. Na nyuma hapo ndipo palipotandazwa veni nyingi nyembamba kama wavu wa mvuvi. Damu nyingi ya nyonga hutoka kwenye veni hizo na kwenye mifupa yenyewe iliyovunjika, ateri ni kwa wagonjwa wachache. Mtu mzima wa kilo 70 ana kama lita 5 za damu basi, na pale nyuma ya utando wa tumbo zaweza kujificha lita kadhaa bila wewe kuona tone nje. Pete ikiwa wazi nafasi ya kujificha yazidi kuwa kubwa. Ukiifunga, nafasi yapungua, mifupa yagusana, damu iliyoganda yakaa mahali pake.

Kwa hivyo kufunga nyonga ni kuzuia damu. Wengi wetu twafunga tukidhani twapunguza maumivu tu, na ukidhani hivo hutaona shida yoyote kufungua kidogo uchungulie.

Saa 12:10 jioni, yadini

Aliyemfunga wa kwanza ni dereva mmoja mzee, si yule aliyekuwa anarudi nyuma, ni mwengine aliyekuwa anangoja karatasi zake. Mzee huyu miaka ya nyuma alipelekwa na kazi yake kozi ya huduma ya kwanza ya siku 2. Alimkuta kijana amelala chali, miguu imejipinda nje yote miwili kama ya chura, mweupe midomo, yasema hausikii mguu wa kushoto. Mzee akaita kitambaa. Mama anayeuza chakula getini akavua leso aliyojitanda akampa.

Sasa angalieni alivyofanya, manake hata mimi nilikuja kuelezwa baadaye nikanyamaza. Aliikunja ile leso kwa urefu mpaka ikawa na upana wa shubiri moja na kidogo. Hakumuinua mgonjwa wala kumbingirisha, aliipenyeza chini ya uwazi wa magoti, kisha yeye upande huu na mwenziwe upande ule wakaivuta kulia kushoto kulia kushoto huku yapanda juu taratibu mpaka ikafika pale kwenye mifupa miwili inayojitokeza kando ya mapaja, usawa wa mifuko ya suruali. Wakapishanisha ncha, wakavuta kila mtu kwake kwa pamoja, wakafunga fundo. Miguu wakaigeuza vidole viangaliane, wakafunga magoti pamoja kwa mshipi wa suruali.

Tuktuk ilikuwa pale pale na mwenyewe alijitolea bure. Mzee akaikataa, akasema kwenye tuktuk huyu atakaa, na hatakiwi kukaa. Wakangoja gari la Probox, wakalaza viti, wakamuweka juu ya ubao wa palleti. Hapo walipoteza dakika 10, na hizo ndizo dakika 10 pekee za siku ile ambazo sioni ubaya kupotea.

Saa 12:45, kituo cha kwanza

Kituo kilikuwa na daktari mmoja na nesi mmoja, foleni ya watoto wenye homa hapo benchini, na umeme unakuja na kuondoka. Siwalaumu kwa kuwa wachache. Presha walipata 88 kwa 50, mapigo 128. Ukigawanya mapigo kwa presha ya juu unapata kama 1.45, na kwa mtu mzima mzima ikipita 0.9 ama 1 hapo anza kuwaza damu hata kama hakuna jeraha nje.

Leso ikafunguliwa. Nia ilikuwa nzuri, daktari alitaka aone ngozi na apime. Akashika nyonga pande zote mbili akaitikisa kuona kama yacheza. Ikacheza. Kijana akapiga ukelele uliosikika barabarani. Kipimo hicho cha kutikisa wengi tulifundishwa shuleni na sasa hakitakiwi, kwa sababu hakikuambii kitu ambacho namna ya ajali haijakuambia, na kila ukitikisa unaondoa damu iliyoganda. Damu inayoganda ya kwanza ndiyo nzuri, mwili una akiba yake ya vitu vya kugandisha, ya pili na ya tatu yaja nyepesi kama maji ya tamarindi.

Wakajaribu mpira wa mkojo. Nesi akaona tone la damu kwenye tundu, akaendelea kidogo, ukagoma, akaacha. Hapo kuacha ndiko kulikomuokoa. Damu kwenye tundu la mkojo kwa mtu aliyebanwa nyonga ni alama kuwa njia ya mkojo huenda imechanika, na ukilazimisha mpira mchaniko wa nusu unakuwa mchaniko mzima.

Wakampa lita 2 za saline haraka, mofini kidogo, kisha wakamfunga upya kwa bandeji pana, safari hii kiunoni, pale mkanda unapokaa. Hapo juu hapafungi pete, unabana tumbo, na kwa nyonga iliyofunguka ukibana juu waweza hata kuipanua zaidi kule chini. Leso ikatupwa chini ya kitanda. Dawa ya kuzuia damu kuvunja madonge yake, traneksamiki, hawakuwa nayo.

Wakatupigia simu. Ujumbe nilioupokea mimi, na nimeuandika kwenye kitabu kwa hati yangu: "kijana, ajali ya trela, mguu wa kushoto umevunjika, anakuja." Kijana alikuwa anasema mguu hausikii, aliyepiga simu akasikia mguu. Nikaandaa kitanda cha mguu.

Njiani

Walitoka 1:30 usiku. Kutoka Changamwe kuingia kisiwani saa ile, Kibarani na Makupa mnajua wenyewe, trela mbili zikisimama sambamba king'ora cha ambulensi ni muziki tu. Dakika 35. Katikati ya jam kijana akalalamika bandeji yambana tumbo hawezi kupumua, na mhudumu wa ambulensi akailegeza. Hii ndiyo mara ya pili. Mhudumu hakuandika popote, tulijua siku ya kikao cha kuchambua kisa.

Saa 2:05 usiku, kwetu

Alipoteremshwa nilijua huyu si wa mguu. Rangi ya majivu, jasho baridi, yaongea neno moja moja. Presha ya mashine ilikataa kusoma, kwa kidole nikapata kama 70. Mapigo 140 na kitu.

Yule mzee dereva alikuwa ameifuata ambulensi na Probox mpaka kwetu. Aliingia nyuma ya machela, kofia mkononi, akaniambia kwa adabu sana: "Mwanangu, mimi nilimfunga huku chini kwenye mapaja, akawa ametulia hata akaongea. Wao wamempandisha kiunoni." Nikamjibu, "Mzee wangu, tafadhali tungojee nje." Akatoka.

Kisha nikaikata ile bandeji ya kiunoni kwa mkasi, yote, kwa sababu niliona haiko mahali pake. Hiyo ndiyo mara ya tatu na ni yangu. Ilikuwa lazima ihame, kweli, lakini shuka ya kufungia sikuwa nayo mkononi, nilimtuma mtu stoo, na stoo ikawa imefungwa, na kati ya mkasi wangu na shuka kuja zilipita dakika 6. Kwa dakika 6 nyonga ilikuwa wazi kabisa na tukapoteza mapigo ya mkononi, yakabaki ya shingoni tu. Njia ni kufunga mpya kwanza pale chini, ikashika, ndipo ukate ya zamani. Naijua sasa. Usiku ule sikuijua, au niliijua nikaona haraka ndiyo kazi.

Shuka ilipokuja tuliikunja, tukaipitisha chini ya magoti tukaipandisha kama vile mzee alivyofanya, watu wawili wakavuta kwa kupishana, na badala ya fundo tukashika kwa koleo nne za thieta, chumba cha upasuaji, manake fundo la shuka hulegea na koleo hailegei. Magoti na vifundo vya miguu tukafunga. Ndani ya dakika chache presha ikasoma 84 kwa 46. Hatukuwa tumempa tone la damu bado.

Tulivyoamua, na tuliyobishana

Daktari wa zamu, Mungu ambariki, alisema sentensi moja ya maana: hakuna maji tena, damu. Lita 2 alizopewa kituoni zilikuwa zimeinua presha kidogo na kumpunguza makali ya kuganda damu, na zilikuwa baridi. Lengo akaweka presha ya juu 80 mpaka 90 tu mpaka thieta, hana jeraha la kichwa kwa hivyo yafaa. Angekuwa ameumia kichwa tungehitaji kuwa juu zaidi.

Majibu ya damu yakaja, hemoglobini, ile namba ya kuonyesha wingi wa damu, 11.8, na daktari intani, yule aliye bado mafunzoni, akasema kwa sauti ya kupumua, basi si mbaya hivo. Huu mtego nauona kila mwezi. Mtu akimwagikwa na damu nzima, iliyobaki ndani bado ni ile ile, kama chai ya maziwa ukiimwaga nusu kikombe, iliyobaki rangi yake haijabadilika. Namba hushuka baadaye maji yakishaingia.

Traneksamiki tulimpa 2:20, gramu 1 kwa dakika 10 kisha gramu nyengine kwa saa 8. Yalikuwa yamepita masaa 2 na dakika 10 tangu abanwe. Hapa saa ina maana kweli: utafiti mkubwa wa CRASH-2 uliotoka 2010, wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha dawa hii yapunguza vifo, na uchambuzi wa mwaka uliofuata ukaonyesha ikitolewa baada ya masaa 3 haisaidii na yaweza kudhuru. Ni dawa ya bei nafuu, yakaa kwenye kabati bila friji, na kituo cha kwanza kingekuwa nayo angeipata kabla ya saa 1 usiku.

Damu ya haraka tulichukua painti 2 za O chanya. Kwa mwanamume yafaa, ile O hasi tunaiweka kwa kina mama wa umri wa kuzaa. Na nje ya geti, hii niliiona kwa macho yangu, walikuwa wamekuja matingo na madereva kumi na moja na ovaroli zao za grisi, mikono wamekunja tayari, wataka watolewe damu saa ile ile awekewe mwenzao. Mtu wa maabara akatoka kuwaeleza kwamba damu lazima kwanza ipimwe ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, kwa hivyo ya usiku huu tutatumia iliyopo na yao itajaza pengo. Mmoja akauliza, "Kwa hivyo huyu yatumia damu ya nani?" Akaambiwa ya mtu aliyetoa wiki iliyopita asiyemjua. Walikaa chini kimya. Tisa walirudi asubuhi wakatoa.

Kila painti 4 tulimpa kalsiamu, manake ile dawa inayozuia damu isigande mfukoni huikamata kalsiamu ya mgonjwa, na bila kalsiamu damu haigandi na moyo hausukumi vizuri.

Kisha joto. Tuko Mombasa, hakuna anayewaza baridi. Lakini chumba chetu AC ilikuwa 18 kwa ajili yetu sisi, kijana amevuliwa nguo zote, amelowa, ana lita 2 za maji ya chumba baridi ndani yake. Kipimajoto kikasema 34.6. Mwili ukipoa damu haigandi, isipoganda inamwagika, ikimwagika mwili wazidi kupoa. Blanketi kazualti hatuna, nani anaweka blanketi Mombasa? Mamake mdogo, aliyekuwa ameshafika na analia koridoni, akatoa leso mbili mkobani na buibui lake la akiba. Tulizima AC, tukafunika, tukapasha dripu kwenye beseni la maji moto. Jasho lilitutoka sisi.

Altrasaundi ya tumbo haikuonyesha maji. Hilo ndilo lililotuambia damu iko nyuma, kwenye nyonga, na kwamba tumbo lisipasuliwe kwa pupa, kwa sababu ukifungua tumbo lote unaiondolea ile damu iliyobanwa kizuizi chake cha mwisho. Tulipima pia kwa kidole njia ya haja kubwa, hakukuwa na damu wala ncha ya mfupa.

Eksirei ilipigwa pale pale kitandani shuka ikiwa juu yake. Intani akaitazama, pengo la mbele dogo tu, kama sentimita 1 na nusu, akasema hii nyonga haikuachana sana, tufungue shuka tupige nyengine tuone kamili. Daktari wa mifupa, aliyekuwa ndiyo kwanza aingia na ndara, akasema hapana. Pengo ni dogo kwa sababu shuka yafanya kazi. Picha nzuri chini ya shuka haina maana mtu ni mzima. Hiyo ingekuwa mara ya nne.

Ubishi mkubwa ulikuwa thieta au siti skeni, ile mashine ya picha za ndani ya mwili. Kuziba ateri kwa waya kupitia mshipa wa paja usiku ule hakukuwepo, na siti skeni ilikuwa jengo jengine, lifti, koridoni, mtu mwenye presha 80. Daktari wa upasuaji aliitaka skeni kidogo, wa mifupa akakataa, na wa usingizi akamaliza maneno: "Mimi huyu nitampeleka mahali pamoja tu." Mimi naona waliamua sawa. Skeni ni kwa yule anayekujibu ukimpa damu, presha yapanda na yakaa. Huyu ilikuwa yapanda na yashuka.

Thieta moja ilikuwa na mama wa upasuaji wa uzazi, tukangoja mpaka 3:15. Humo ndani waliweka fiksata, vyuma vya nje vinavyoshika nyonga kutoka mbele, kisha kwa mkato mdogo juu ya kinena, bila kufungua utando wa tumbo, wakapakia vitambaa vikubwa vitatu kila upande kubana zile veni. Na kwa kuwa wako hapo hapo wakaweka mpira wa mkojo kupitia ukuta wa tumbo moja kwa moja kwenye kibofu. Dakika 55 yote. Jumla alitumia painti 7 za damu na mifuko 4 ya plazma, yale maji ya damu yenye vitu vya kugandisha.

Ilivyokuwa baadaye

Vitambaa vilitolewa baada ya masaa 36, damu imekauka. ICU siku 6. Fiksata ilikaa wiki 8. Njia ya mkojo ilitengenezwa baada ya miezi kadhaa mahali pengine, alitembea na mfuko wa mkojo muda wote huo na aibu yake yote. Leo yatembea, yachechemea kidogo akichoka.

Alipata pia kidonda cha mgongo chini, na kidonda hicho ni chetu sote: ule ubao wa palleti aliolazwa yadini, alikuja nao kituoni, akaja nao kwenye ambulensi, akakaa nao kitandani kwetu mpaka thieta. Masaa 3 juu ya mbao zenye misumari. Ubao ni wa kubebea, si wa kulalia.

Na jambo jengine ambalo halimo kwenye faili. Mwezi wa tatu kliniki alinisubiri mpaka foleni iishe, akaniuliza huku yatazama sakafu, kama atakuja kuwa mwanamume tena. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa mishipa ya fahamu ya sehemu hiyo hupita pale pale palipovunjika, kwamba tatizo hilo ni la kawaida kwa majeraha haya, kwamba mara nyingi laboreka na muda, na kwamba kuna dawa na kuna daktari wake. Madaktari wanne, manesi sijui wangapi, miezi mitatu. Alidhani ni yeye peke yake.

Nini kilifanya kazi, nini kilituangusha

Kwenye kikao kila mtu alitaka kuzungumzia thieta, kwa sababu thieta ilikuwa nzuri na ni tamu kuzungumza habari ya vitambaa na vyuma. Mimi nilichora mstari ubaoni wa presha na saa, na chini yake nikaandika ni nani alifungua na saa ngapi. Mistari miwili ilifuatana kama mtu na kivuli chake. Baada ya leso aliongea. Ilipofunguliwa, ikashuka. Ilipolegezwa kwenye jam, ikashuka. Nilipokata mimi, ikapotea.

Kwa nini kila mtu alifungua? Si ujinga. Kila mmoja wetu amefundishwa kuangalia mwenyewe, usiamini kazi ya mtu, na kitambaa cha maua cha mama muuza chakula hakifanani na matibabu. Kifaa cha dukani chenye velkro kingekuwa pale, nadhani wengi wangekiheshimu. Leso wakaiona ni takataka ya kuondoa ili matibabu yaanze. Na mwenye habari kamili ya mgonjwa, aliyejua alifungwa wapi na alikuwaje kabla na baada, alikuwepo chumbani kwangu na kofia mkononi, nikamtoa.

Daktari wa kituo alikuja kikaoni, jambo ambalo ni wachache hulifanya, akasema wazi kwamba hakuwa amejua mahali pa kufunga ni kwenye mapaja, alidhani nyonga ni pale mkanda unapokaa. Hata neno letu latuchanganya, mwambie mtu shika nyonga uone atakapoweka mkono, watu kumi watakuonyesha mahali pane. Kwa hivyo tuliacha kusema "funga nyonga". Twasema "funga mifukoni". Kila mtu ana mifuko ya suruali, hata aliyevaa buibui ajua iko wapi.

Kingine tulichobadilisha ni kalamu. Ukishafunga, unaandika juu ya kitambaa chenyewe kwa maka nene: saa uliyofunga, na USIFUNGUE. Anayepokea hafungui mpaka vyuma viwe vimewekwa, ama daktari wa mifupa aseme, ila kuinua ukingo kuangalia ngozi, na isipite siku nzima manake ngozi nayo hufa. Simu nazo tumezipa maswali manne ya lazima: aliumiaje, presha na mapigo ngapi, umemfunga wapi na saa ngapi, umempa nini. Hii ya simu inafanya kazi nusu, wakati mwengine anayepiga ni mlinzi.

Na kila anayeingia na mgonjwa wa ajali sasa anapewa dakika 1 ya kusema kabla ya kutolewa nje, awe dereva awe mama wa maandazi. Dakika 1 kwa saa. Kuna daktari mmoja bado halipendi.

La shuka ndilo lililotusumbua zaidi kuliko mlivyodhani. Tulikunja shuka moja tayari na koleo zake nne, tukaiweka droo ya juu kando ya kitanda cha dharura. Haikumaliza wiki, mtu wa usiku aliitandika kitandani. Ya pili nayo ikatandikwa. Ya tatu ilikwenda kufuliwa na haikurudi. Basi nikateremka Biashara Street na pesa zangu nikanunua leso, doti nzima isiyokatwa, ile mita 3 ambayo hata mtu mwenye nyonga ya haja yamzunguka na kubaki, nyekundu ina maua makubwa meusi. Ina miezi sasa mle droo. Hakuna aliyethubutu kuitandika.